Namba Sawa, Mwaka Tofauti

"Faili halionekani, mama," karani akaniambia, macho yake kayaelekeza kwenye kalamu.

Mimi si mtu wa kuambiwa maneno hayo. Nimekaa masjala ya mahakama ileile miaka thelathini na moja, nyuma ya dirisha lilelile, na hata kiti alichokikalia yeye siku ile, mguu wake wa nyuma niliufunga mimi kwa waya. Walinistaafisha kwa keki na saa ya ukutani isiyotembea. Sasa najitolea kwenye ofisi ya msaada wa sheria wa bure, chumba kimoja juu ya duka la magodoro: meza mbili, benchi, feni inayolalamika kutwa, na foleni inayoanzia kwenye ngazi. Watu huniita Mama Faili. Wengine kwa heshima, wengine kwa sababu nina mdomo.

"Halionekani, au limepotea?"

Karani akatabasamu kidogo. Alijua ninachouliza. Faili likipotea, karani anaandika ripoti, mkubwa wake anasaini, watu wanahojiwa. Lisiloonekana halina ripoti. Halionekani leo, halionekani kesho, mpaka mwenye kesi achoke kupanda ngazi. Neno hilo nilimfundisha mimi, enzi zile analetwa kwangu hajui hata kutoboa karatasi.

"Halionekani, mama."

Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia kugusa nondo za dirisha. "Mwanangu, kalitoe. Mimi na wewe tunajua lilipo."

"Mama," naye akanong'ona, "ulinifundisha mwenyewe. Leo ndiyo umekuwa mtakatifu?"

Nikamwambia ile shikamoo aliyoniamkia asubuhi aje aichukue, sina pa kuiweka, nikageuka.

Nyuma yangu alikuwa Dobi, mteja wetu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Alivaa koti la kijivu, limemkaa utadhani ni bwana harusi. Usimwonee wivu, koti la watu. "Mwenyewe analifuata saa kumi," aliniambia asubuhi, "kwa hiyo mama, nikae mbali na chai." Kwake ni vyumba viwili na ua wa kamba za kuanikia, kwenye kiwanja alichonunua miaka kumi na minne iliyopita kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Ikaibuka kampuni ya kuuza magari, ikasema kiwanja ni chake. Wakili wetu akaomba zuio mahakamani, tukapata: nyumba isiguswe. Zuio hilo lilikuwa linaisha siku ile, saa tisa alasiri. Hakimu angeweza kuliongeza, ila mkataba halisi, karatasi pekee yenye saini ya yule marehemu, ulikuwa ndani ya faili. Nakala tulikuwa nayo, na wakili wa kampuni alishasema nakala hata dukani inatengenezwa.

Tingatinga lilikuwa limeegeshwa mtaani kwa Dobi tangu jana yake. Na dereva wake, bila hata haya, akampelekea Dobi ovaroli lake afue.

"Ukamfulia?"

"Kazi ni kazi, mama. Na yeye katumwa tu."

"Ungelichemsha lirudi la mtoto!"

Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Mke wangu ameanza kufunga vyombo. Nimemkataza. Nimemwambia, ukifunga, umekubali."

Maneno yale yakanichoma, maana mimi nilikuwa nimefunga vyangu zamani. Mara ya pili faili lilipokosekana nilishajua, nikanyamaza. Nikajiambia, pengine safari hii limepotea kweli.

Wakili wetu akanivuta pembeni, kwenye kona ya ndoo za kudekia. Binti mdogo, wa kunizalia wajukuu, visigino vya viatu vimelika upande mmoja kwa kutembea. "Mama, leo umekuwa kimya. Wewe ukiwa kimya mimi naogopa. Nini?"

Nikamwambia. Faili usilotaka lionekane hulichani wala hulichomi. Wajinga ndio wanaochoma. Unalishusha kwenye ghala la chini, kwenye kesi zilizokwisha, unalipachika kwenye namba ileile ya mwaka mwingine. Namba sawa, mwaka tofauti. Siku likigundulika, unashika kichwa: jamani, makosa ya kibinadamu! Nani atakufunga kwa hilo? Nilipokea bahasha, nikafanya hivyo, si mara moja wala mbili, na nikalala usingizi mnono. Sitamdanganya mtu.

Mmoja tu ndiye aliyenikalia kooni. Mwanamke aliyekuja kila Jumatatu na karatasi zake kwenye mfuko mwekundu wa nailoni. Mume alimchukua mtoto wao, yeye alikuwa anaiomba mahakama arudishiwe. "Dada, limeonekana?" "Bado, mdogo wangu, pita Jumatatu." Miaka miwili. Jumatatu moja hakuja, na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Foleni ilipungua.

Binti wa watu akanitazama mpaka nikaona aibu ya kusimama mbele yake. Sikumlaumu.

"Ukisema hivyo mbele ya hakimu umejishtaki mwenyewe," akasema hatimaye. "Pensheni yako, jela, yote. Tumwandikie msajili barua, aagize ghala lipekuliwe."

"Mwanangu, tingatinga halisomi barua."

Saa nane na nusu tukaingia. Chumba kidogo, madirisha ya juu, hakimu mwenye miwani na uchovu wa watu arobaini waliomtangulia Dobi. Wakili wa kampuni akasimama, viatu vinang'aa, sauti ya kumbembeleza mtoto. "Mheshimiwa, hii ni mara ya tatu. Mali ya watu haiwezi kusubiri milele, na kiwanja ni cha mteja wangu. Bila faili, tunaongelea hewa."

Mali ya watu! Ya Dobi kwani ilikuwa ya nani, ya kuku?

Wakili wetu alipigana, Mungu anamwona. Aliomba siku saba, akaomba tatu, akaomba moja. Hakimu akaitazama saa. "Mahakama haiwezi kuongeza zuio juu ya nyaraka isizoziona," akasema, na akashika kalamu.

Dobi alianza kulifinyanga pindo la koti, akakumbuka si lake, akalinyoosha kwa kiganja, taratibu, mara mbili. Basi. Sijui wengine huwa wanangoja ishara gani. Mimi kile kiganja kilinitosha.

Nikasimama. "Mheshimiwa, faili lipo."

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa miaka thelathini na moja, inatosha."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza, askari akaanza kunijia. Nikapaza sauti. "Kabla hajanitoa, tuma watu kwenye ghala la chini. Rafu ya pili kutoka ukutani. Kesi hii ni namba mia mbili kumi na nne. Tafuteni mia mbili kumi na nne ya miaka kumi iliyopita, mfungue jalada. Ndani yake kuna jingine."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu utaratibu huo niliutumia mimi, kwenye masjala yako, na nikamfundisha karani wako arudi miaka kumi nyuma. Andika hivyohivyo, mheshimiwa. Usinipunguzie hata neno."

Wakili wa kampuni akaruka: huyu si shahidi, huyu ni nani, huyu ana wazimu! Sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha. Binti yetu akasubiri amalize, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, ghala liko chini ya miguu yetu. Dakika tano tu. Kama hakuna kitu, mama afungwe na mimi nikae chini, sina ombi tena."

Hakimu akavua miwani. Akawatuma askari wawili na mawakili wote wawili, washuke pamoja, warudi pamoja. Tukasubiri. Karani alisimama mlangoni, uso umemshuka, hakunitazama. Nilimwonea huruma na nilitaka kumzaba kofi, yote mawili kwa wakati mmoja, kama mtoto wangu.

Walirudi saa tisa kasoro dakika saba. Wakili wa kampuni alitangulia, suruali nyeusi imejaa vumbi magotini. Wakili wetu alikuwa amelikumbatia faili kwa mikono miwili. Hakimu akafungua, akapekua, akafika kwenye mkataba, akausoma wote mpaka saini. Kisha akaandika kwa muda mrefu, akasoma alichoandika: zuio linaendelea mpaka kesi iamuliwe. Nyumba isiguswe.

Dobi akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Na wewe, mama," hakimu akasema, "hutatoka ndani ya jengo hili. Polisi watachukua maelezo yako."

"Sikuwa na safari, mheshimiwa."

Wakaniweka kwenye chumba cha nyuma chenye meza moja. Polisi kijana, karatasi mpya, kalamu mpya. Dobi akaja akakaa kwenye benchi la nje, mlango wazi. Nikamwambia aende, saa kumi inafika, mwenye koti atamtafuta.

"Atasubiri," akasema. "Nikitoka hapa ndiyo nitampelekea, na yule dereva nitampa ovaroli lake. Nimelipiga pasi mpaka kola."

Wakili wetu akavuta kiti, akakaa, si upande wa polisi, upande wangu. Akatoa ile fomu yetu ya wateja wasio na uwezo, akaandika jina langu pale juu, mahali ambapo mimi huwaandikia wengine. "Kama wakili wako," akasema, "nakushauri unyamaze. Una haki hiyo."

"Nimeitumia miaka mingi. Imekwisha."

Polisi akakohoa. "Kwa hiyo, mama, ni hilo faili moja?"

"Moja! Ebo! Ongeza karatasi." Nikajiweka sawa kwenye kiti. Kichwani zilikuwamo zote, namba na mwaka niliouchagua, zimekaa kwa mpangilio mzuri, kama nilivyozoea kupanga. "Anza na mia tatu tisini na saba. Mwanamke wa mfuko mwekundu. Mtoto alikuwa na miaka minne. Sasa atakuwa na kumi na tisa."

Akaandika. "Jina la huyo mama?"

Nikafungua mdomo, na jina halikuwepo. Jumatatu zote zile, miaka miwili, na mimi nilikuwa nasoma namba.

"Limo ndani ya faili," nikasema. "Kalitoeni."