Baba Aliposema Basi

Baba aliuza dukani kwake miaka thelathini na moja, na kila mteja aliyekanyaga kizingiti alipokelewa kwa maneno yale yale: "Karibu, kwetu bei nafuu." Hata bei isipokuwa nafuu. Mama alikuwa akimtania kwamba hata siku aliyokuja kumposa, nusura awasalimie wakwe zake hivyo.

Daktari alipomwambia baba koo litapasuliwa na sauti haitarudi, kaka yangu, ambaye ni fundi wa programu za simu, alimkalisha chumbani wiki nzima akimrekodi. Maneno mia nne. Kisha akatengeneza programu ya picha: ukigusa glasi, sauti ya baba inasema "naomba maji", ukigusa kitanda, "nataka kulala." Ukiifungua tu inakupokea: "Karibu, kwetu bei nafuu." Picha ya mwisho ilikuwa mizani, kwa sababu kila baba alipopima sukari na mizani ikatulia, alisema "basi." Ukigusa mizani, unasikia basi.

Kwa miezi mitano nyumba yetu ilirudiwa na kelele zake. Baba aligombana na mama kwa kidole kimoja. Wagonjwa wengine wakasikia habari, wakataka nao waweke sauti zao, na kaka akaipeleka programu kwenye duka la ndani ya simu. Simu za aina ile zina duka moja tu, huwezi kuchukua programu kwingine, na aliyetengeneza simu ndiye mwenye duka.

Duka lile lina sharti: programu isimwambie mteja kwamba kuna mahali pengine penye bei nafuu. Mtambo wao wa ukaguzi ukasikia salamu ya baba, ukaona tunawaita watu mlango wa nyuma. Programu ikaondolewa dukani na kuzimwa kwenye simu zote, ya baba ikiwemo. Barua yao ilikuwa fupi. Futeni sentensi hiyo, tutairudisha.

Kuifuta ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimechoka kujitia hamnazo.

Kaka alitaka kuifuta. Mimi ndiye niliyemtia ndimu.

"Salamu ya baba ndiyo wanaiita kosa?" nilimwambia. "Na wewe unanywea tu? Leo wanafuta salamu, kesho je?"

Damu ikamchemka. Tukapeleka malalamiko kwenye tume ya ushindani wa biashara, tukalivalia njuga jambo lile. Baba hatukumuuliza. Tulijiambia tutamuulizaje mtu asiye na sauti, na mikono yake inatetemeka hata kalamu haishiki. Kumbe kichwa cha kutikisa alikuwa nacho.

Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Tulipigwa danadana: leteni nakala, leteni kiapo, leteni nakala ya kiapo. Nyumbani baba alikuwa akigonga kikombe mezani. Mara moja ni maji, mara mbili ni choo, mara tatu hatukujua ni nini. Kaka alimwekea zile sauti kwenye simu kama nyimbo, zimepangana mia nne, baba akitafuta "maji" anaangukia "msumari." Baada ya siku chache akairudisha simu mwenyewe, akaiweka mapajani mwa kaka.

Siku ya kusikilizwa tulimvalisha koti lake la kijivu tukaenda naye. Nakiri, tulitaka wamwone. Wakili wa kampuni alikuja na kompyuta kibao ambayo programu ilikuwa imehifadhiwa kama ushahidi. Akaifungua, na sauti ya baba ikajaa ukumbi: "Karibu, kwetu bei nafuu." Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Wakili alikuwa bado anachambua maana ya neno nafuu pale baba aliposimama na kunyoosha mkono.

"Mzee anataka nini?" mwenyekiti wa tume akauliza.

"Anataka kusema, mheshimiwa," nikajibu, kifua mbele.

Wakili akasita, kisha akampa. Baba alikishika kifaa kwa mikono miwili, akageuka upande tuliokaa mimi na kaka, nikadhani anatafuta mwanga. Akapekua hadi picha ya mwisho.

"Basi," ikasema sauti yake. Akagusa tena. "Basi."

Ukumbi ukacheka, mwenyekiti akiwemo. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliona mzee amemfunga mdomo wakili. Kaka akanikonyeza. Wakili akachukua kifaa chake akakirudisha kwenye mkoba.

Tulishinda. Tume iliamuru simu zile zifunguliwe kwa maduka mengine, na programu irudi na salamu yake. Magazeti yaliandika. Baba alikuwa ameshazikwa siku ishirini na mbili kabla. Wiki yake ya mwisho aligonga kikombe mara tatu, akapumzika, akagonga tena mara tatu, na sisi tukampa maji, tukamgeuza, tukamfunika.

Jana nilimkuta mama chumbani anakunja lile koti.

"Mwanangu, siku ile ukumbini," akaniuliza, "baba yenu alikuwa anamwambia nani?"

"Si wakili, mama."

"Wakili alikuwa nyuma yake," mama akasema. "Mimi nilikuwa naye bega kwa bega. Alikuwa anawatazama nyinyi wawili."