Mzee Ufizi na Siri ya Nta

Mzee Ufizi alikuwa fundi wa meno bandia, na kila mwanafunzi wake alipanda ndege kwenda ng'ambo. Hata yule mvivu aliyekuwa akisinzia kwenye mashine ya kung'arisha, sasa anatengeneza vinywa vya ughaibuni.

"Nimekuwa kuku wa kulalia mayai ya bata," alilalamika. "Vifaranga vikiona maji tu, kwaheri."

Kwa hiyo alipomchukua mpwa wake, binti wa dada yake, alimfundisha kila kitu ila kimoja: namna ya kumfanya mteja aume nta ili kupata mkao wa taya, jinsi ya juu na ya chini zinavyokutana. Kila walipofika hapo, alimtuma akamletee mteja maji.

"Mjomba, mbona wateja wako wana kiu hivi?"

"Nenda, acha mdomo."

Siku homa ilipomlaza mzee, mpwa akampima mwenyewe mama mmoja muuza nyanya, akamwambia tu aume nta. Meno yalipokamilika, mama akayavaa. Haukupita muda akarudi amefura, na mzee keshapata nafuu, yuko mezani.

"Haya meno au kwato? Nikiita wateja, yanagongana, wanadhani punda anapita!"

Mpwa akainamisha kichwa. Mzee akataka kucheka, lakini mama hakuwa amemaliza.

"Na wewe ukifa, mzee wangu, sisi vibogoyo tuyafuate meno huko huko ughaibuni?"

Mzee akaiweka nta kwenye moto mdogo ilainike.

"Mpwa wangu, sogea. Usimwambie 'uma'. Ukimwambia uma, atakaza kama anapigana. Mwambie akunje ulimi nyuma mpaka uguse kaakaa, ameze mate, afunge taratibu. Taya inarudi mahali pake yenyewe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Ndilo ulilonizungushia siku zote hizi?"

"Ukilijua utaondoka."

"Nitaondoka, mjomba, sikufichi. Lakini wale vijana wanaokuja kila siku kuomba kujifunza, unadhani wanapenda fizi za watu? Wamesikia habari za ndege. Wachukue. Ndege haibebi mtaa mzima."

Mpwa akaondoka kweli. Mzee akawachukua vijana wawili, akawafundisha nta wiki ile ile ya kwanza. Mmoja tayari anaulizia pasipoti. Mwenzake, mwenye mkono mwepesi kuliko wote waliopita pale, anaogopa hata kupanda ngazi.