Mipira Iliyoning'inia Juu ya Wattaya

Yaarub bin Nasir wa Wattaya, mtaa wa Maskati, hakuwa na glavu, hakuwa na gongo la kupigia mpira, wala hakuwa na goti la kushoto la kutegemewa. Hakuwahi kufika Amerika. Hakuwa na cheti, kwa sababu shule ya usiku aliyosomea ilifungwa wiki moja kabla ya mtihani, na kwa hiyo alikaa masijala miaka thelathini huku vijana aliowafundisha kupanga mafaili wakiwa wakurugenzi. Tena, mtaa mzima haukuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye besiboli.

Mchezo wenyewe aliupata redioni. Alipofika Maskati kutoka Unguja alisikiliza stesheni ya Waamerika ili ajifunze Kiingereza, akawa anaandika kila kilichotangazwa: nani karusha mpira, nani kaupiga, nani katolewa. Kiingereza kilipokamilika, aliendelea kuandika. Kwa hiyo wachezaji walipoanza kuja, walimkuta na daftari tayari.

Walikuja kila Februari, kwa mazoezi ya kabla ya msimu, kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya maduka ya magari. Walikuja wa leo na wa zamani. Walio hai walikuja kwa magari ya kukodi, waliokufa kwa basi. Baladiya, yaani manispaa, ilimtuma mtu kuulizia kibali. Aliambiwa hakipo, akaandika hakipo, akaenda zake. Bwana Yaarub aliweka kiti kivulini, akafungua daftari.

"Sheikh Yaarub," alisema Hisham, meneja wa duka la magari la karibu, "mgeni wako kanivunjia kioo cha gari jipya."

"Yupi?"

"Yule mnene."

"Huyo kafa zamani."

"Basi tena. Bima yangu haina fungu la maiti."

Mwaka huu, nyuma ya basi, lilifika pia gari la mizigo. Akashuka mzee mmoja mweusi, mrefu, mikono imefika magotini. Aliitwa Amos Tolliver, na alikuwa amekufa miaka hamsini. Alasiri, Masouda, mkewe Bwana Yaarub, alipotandika mkeka na kuleta kahawa na halua, Tolliver alikaa. Wachezaji wa zamani wakainuka wote pamoja, wakaenda kusimama juani. Wa leo walibaki wakila halua.

"Wamechukia kahawa yangu?" aliuliza Masouda.

"Hapana. Wamemchukia anayeinywa."

"Basi nnammiminia huyu huyu." Tolliver hakujua kwamba aliyetosheka hutikisa finjani, na aliona haya kukataa, kwa hiyo alikunywa finjani kumi na moja. "Kalelewa huyu," alisema Masouda.

Baina ya finjani ya tano na ya tisa, Tolliver alieleza mambo yake. Alirusha mpira miaka kumi na tisa, katika ligi ya watu weusi, kwa sababu ile nyingine haikumtaka. Mijini ambako hoteli zilimkataa alilala kwa wazika maiti, kwenye meza. Hakuna aliyeandika alimtoa nani wala lini. Alitaka kitu kimoja: amrushie mpira mpigaji mkubwa kuliko wote, yule marehemu mwenye sanamu tatu kwao, na matokeo yaandikwe.

Bwana Yaarub alivuka uwanja akamfikishia ujumbe. Mpigaji hakugeuza hata shingo.

"Simjui," alisema. "Hayumo katika kitabu cha ligi."

Bwana Yaarub alirudi kitini, akafunga daftari, akachomeka kalamu mfukoni.

Mpira uliopigwa na aliyekufa hautui mpaka uandikwe. Mpigaji alipiga wa kwanza, ukapaa juu ya maduka ya magari na kubaki hapo. Akapiga wa pili. Wenzake wakapiga. Siku ya pili magharibi, mipira arubaini na mitatu ilikuwa imening'inia juu ya Wattaya, na wateja wa Hisham walidhani ni tangazo la punguzo la bei.

"Mmoja uko juu ya kamba yangu ya nguo," alisema Masouda. "Utaandika lini, bwana?"

"Wakicheza wote."

"Basi usiandike. Nguo ntaanika pengine."

Siku ya tatu mpigaji mkubwa alikuja mwenyewe hadi kitini. Uso ulikuwa umemnywea. Alisema kwamba hajui kama amepiga au hakupiga.

"Andika," alisema.

"Naandika wote au siandiki mtu."

Mpigaji aliitazama mipira yake juu. Halafu akachukua gongo, akaenda mahali pake.

Tolliver alirusha mara tatu. Wa kwanza, mpigaji alipiga hewa. Wa pili, alipiga hewa na kofia ikamtoka. Wa tatu hakuinua gongo. Aliutazama ukipita, kama mtu anayetazama basi lake likiondoka. Akikosa mara tatu, mpigaji hutolewa; Bwana Yaarub aliandika jina la Tolliver, tarehe, na herufi ya kutolewa, halafu na mipira yote iliyosubiri juu. Alipomaliza nukta, mipira arubaini na mitatu ilianguka kwa pamoja juu ya mapaa ya Wattaya. Hisham alipoteza vioo vinne, akapiga makofi. Masouda alipiga vigelegele mpaka wa leo nao wakajaribu.

Tolliver aliomba kuona ukurasa. Aliweka kidole chini ya jina lake, akakivuta taratibu mpaka mwisho wa mstari. Akaanza tena.

Jioni wa zamani walipanda basi. Tolliver alifika mlangoni, na mlango ukafungwa. Alikwenda kwenye gari la mizigo, akakaa juu ya mifuko ya magongo, kichwa juu, akiwapungia mkono watu wa mtaa mpaka gari lilipoingia barabara kuu.

Asubuhi Bwana Yaarub alinakili ukurasa kwa mwandiko wake bora na kuutia katika bahasha ya kwenda Amerika, ofisi ya kumbukumbu za ligi. Mipira ikiwa bado juu, alikuwa amewapigia simu, na wakamjibu kwa adabu kwamba jina hilo halimo na mazoezi hayahesabiwi. Posta, aliibandika bahasha, akaikandamiza kwa kiganja chote, akaipitisha dirishani.

Karani aliuliza kilichomo.

"Matokeo," alisema Bwana Yaarub, na akasubiri mpaka alipoiona imeingia kwenye gunia.