Waliokataa Kuhama

Mama hakuwahi kutaka kuiona hifadhi ya mashujaa wa kale waliopigana na Waburma, ingawa ilijengwa juu ya shamba letu. Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na minane, aliniambia ghafla, "Malai, nipeleke."

Tulifika asubuhi. Mwongozaji alikuwa akiwaeleza wanafunzi mbele ya sanamu. "Wanakijiji hawa walikuwa wachache, lakini walikataa kuiacha ardhi yao. Wakafia hapahapa." Watoto wakainamisha vichwa, viganja vimekutana kifuani.

Mama hakuinama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukoka, akavua ndala, akaketi. "Jiko lilikuwa hapa," akasema.

Mlinzi akaja mbio. "Samahani bibi, hapa hapakaliwi. Ni mahali patakatifu."

"Nimezalia hapa watoto wanne, mjukuu wangu. Huo utakatifu umeanza lini?"

"Ni sheria tu, bibi."

"Hao mnaowachongea sanamu walikataa kuhama. Sisi tulipokataa mkatuita wakaidi."

Nikamshika Mama mkono ili nimwinue, naye akauchomoa.

"Wewe usiniguse," akasema bila kupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyenishika dole gumba ukaligandamiza kwenye ile karatasi yao ya kukubali kuhama."

Ni kweli. Nilikuwa na miaka ishirini, nikitamani nyumba ya saruji kando ya barabara kuu. Mama akainuka mwenyewe, akavaa ndala zake, akatangulia langoni. Miaka yote hiyo nilidhani alikwisha kunisamehe.