Kompyuta Kwenye Kichanja

Kerubo alirudi kutoka Namtumbo na tope hadi magotini, akakuta kompyuta yake haipo mezani. Hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Hata kwao Kisii walizoea kusema kwamba msiba na harusi vyote humkuta na uso uleule. Alifungua kabati, akachungulia chini ya kitanda, kisha akatoka uani na kumuuliza mama mwenye nyumba.

"Ipo," akasema Fortunata, na uso ukamkunjuka kwa fahari. "Nimekutunzia."

Akamwongoza jikoni, akapanda juu ya kigoda, akaanza kupangua vitu kwenye kichanja kilichokuwa juu ya mafiga. Akashusha mahindi ya mbegu, mafungu mafungu yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Nyuma ya mahindi, ndani ya khanga mpya ambayo hajawahi kuivaa, ndipo alipoitoa ile laptopu ya ofisi. Kifuniko kilikuwa kimepinda upande mmoja, na vitufe kadhaa vilikuwa vimelala chini vikashikana.

Tuseme haki: Fortunata hakuwa mjinga. Kerubo alipokuwa anaondoka alimwambia, "Mama, hii ndiyo kazi yangu yote, nitunzie." Wiki hiyohiyo wezi walikuwa wamevunja nyumba mbili pale mtaani kwao, Mfaranyaki, na mvua ilikuwa imeloanisha kila kitu mpaka chumvi ndani ya mkebe. Sasa, mtu aliyezaliwa Maposeni na kukulia shambani akiambiwa atunze kitu ambacho ni kazi yote ya mtu, atakiweka wapi? Kule inakokaa mbegu. Pale juu unyevu haufiki, panya hathubutu, dumuzi anayetoboa mahindi hukimbia moshi, na mwizi gani ataingiza mkono kwenye masizi? Ulezi na karanga za kula alizibakiza chumbani. Kwenye kichanja aliweka kile tu ambacho kikipotea, nyumba italala njaa mwaka ujao.

Kerubo alibonyeza kitufe cha kuwashia. Akabonyeza tena. Fortunata alimtazama usoni, na ile fahari ikamtoka taratibu.

"Nimeiua?"

"Imekufa, mama. Lakini usijali."

Ni rahisi kumwambia mtu asijali. Kerubo mwenyewe alijali sana, na si kwa ajili ya takwimu, maana nakala zake zilikuwa kwenye disketi ofisini. Alijali kwa sababu ya nyumba. Mradi uliomleta Songea, wa kuwafundisha wakulima kupatana bei na wale wanunuzi binafsi waliojaa mkoani baada ya biashara kufunguliwa, ulikuwa na kanuni yake: mfanyakazi mgeni akiharibikiwa na kifaa cha kazi nyumbani kwa watu, anahamishiwa kwenye nyumba za mradi. Kerubo aliwahi kukaa huko miezi yake ya kwanza. Kulikuwa na ua wa seng'enge, mlinzi, na wageni wenzake waliokuwa wakila chakula cha makopo na kuhesabu siku za kwenda likizo. Hakuna aliyemuuliza amelalaje. Kwa Fortunata alikuwa anaulizwa amelalaje, amekula nini, na kwa nini anakwenda kazini na blauzi isiyopigwa pasi. Alikuwa akijidanganya kwamba anapanga pale kwa sababu ni karibu na ofisi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaipenda nyumba ile, na aliogopa kuikosa kuliko alivyoogopa kukosa kazi.

Kwa hiyo akaenda ofisini na uongo.

Mkuu wa mradi, Bwana Hironimus, alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye tabia ya kumwacha mtu aongee mpaka ajichoshe. Kerubo alimwamkia shikamoo, neno ambalo huko kwao hakulizoea na hapa lilimchukua mwaka mzima kulitoa bila aibu. Kisha akaeleza kwamba alikwenda na kompyuta Namtumbo, ikanyeshewa, naye akaikausha kando ya moto.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na shahada yako yote."

"Nilichanganyikiwa, mzee."

Bwana Hironimus aliivuta ile kompyuta, akainusa kama mtu anavyonusa mchuzi, akaiweka chini. Yeye naye alitokea Maposeni, ila hilo Kerubo hakulifikiria.

"Haya," akasema. "Nyingine inakuja kutoka Dar. Njoo Ijumaa."

Kerubo alitoka pale akihema. Jioni alimwambia Fortunata kwamba mambo yamekwisha, ofisi inaleta mashine mpya. Fortunata alikuwa anachambua mboga, akasimama.

"Kumbe si yako?"

"Ni ya ofisi."

"Na mwenye ofisi ni nani?"

"Bwana Hironimus. Mama, nimesema yamekwisha."

"Yamekwishaje, na hakuna mtu aliyekwenda na kuku?"

Kerubo alicheka, akaingia ndani kuoga. Alidhani ni maneno ya jikoni tu. Mwaka na kitu ameishi na wale watu, amekula ugali wao na kuzika nao, bado alikuwa hajui kwamba Fortunata hakuwa na mazoea ya kusema kitu kwa kujifurahisha.

Siku ya Ijumaa alikuta boksi jipya mezani kwa Bwana Hironimus, bado limefungwa. Mzee ameshika kalamu. Kabla hajafungua kinywa, mlango ukagongwa, akaingia Fortunata amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika. Nyuma yake alikuwapo mzee Isidori, shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, amekumbatia kuku mweupe aliyefungwa miguu.

Fortunata alikaa sakafuni, ameinamisha kichwa. Kwa akina Fortunata, aliyekosa haongei; anasemewa na mkubwa wake. Isidori akaamkia kwa Kingoni, kisha akageukia Kiswahili ili na yule mgeni asikie.

"Mzee, tumekuja kwako. Huyu ni shemeji yangu, yuko mikononi mwangu. Alipewa kitu chako akitunze. Akakiweka kwenye kichanja, pamoja na mbegu, na moto umekiharibu. Hakufanya kwa ubaya. Lakini kosa ni kosa, na kitu ni chako. Tunaomba radhi."

Akamlaza kuku miguuni pa Bwana Hironimus. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema, naye akalisema.

Kerubo alitaka ardhi ipasuke. Alimwonea uchungu Fortunata kwa kukaa vile chini, akamkasirikia, akajichukia mwenyewe, vyote kwa mkupuo mmoja. Usoni, kama kawaida yake, hakikuonekana kitu.

Bwana Hironimus aliweka kalamu. Alimtazama yule kuku, na Kerubo, kwa mara ya kwanza, akaona kwamba mzee naye yuko matatani. Mwajiri alitakiwa kumkataa kuku, kufuata kanuni na kumhamisha Kerubo. Mwana wa Maposeni asingeweza kumkataa bila kumvua nguo mjane mbele ya shemeji yake. Na akishampokea, basi: neno halirudiwi, wala kwa mjane, wala kwa nyumba yake.

Akainama, akamwokota kuku.

"Nimepokea," akasema. "Mama, inuka. Mbegu uliiweka panapostahili, mashine ndiyo haikujua kukaa na mbegu." Isidori akapiga makofi ya shukrani, mara mbili, taratibu. "Nyumba yako haina neno kwangu."

Fortunata akainuka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kerubo akashusha pumzi na kunyoosha mkono kuelekea kwenye boksi.

"Ngoja," akasema Bwana Hironimus. "La kuharibu limekwisha. Lakini wewe ulisimama hapahapa ukaniambia Namtumbo."

Mkono ukabaki hewani.

"Kudanganya mkubwa nako ni kosa. Wewe umeletwa na nani? Mkubwa wako ni nani hapa Songea?"

Kerubo alifungua kinywa. Mama yake alikuwa Kisii, mpaka wa nchi katikati. Makao makuu ya mradi yalikuwa Nairobi, na huko hakuna mtu ambaye angepanda basi na kuku kwa ajili yake. Alitafuta jina la kutaja, hakulipata, na ule uso wake usiobadilika ukaanza kutetemeka mdomoni.

"Mimi," akasema Fortunata.

Bwana Hironimus akageuka. "Wewe? Huyu ni Mkenya. Ulimzaa lini?"

"Nimempata akiwa mkubwa," akajibu Fortunata. "Leo sina kuku wa pili, mzee. Jumatatu nitamleta, na kuku wake."

"Mpaka Jumatatu boksi halifunguliwi."

"Halifunguliwi," akakubali Fortunata. Akamgeukia Kerubo, aliyekuwa analia waziwazi sasa, bila kujificha, mbele ya mkuu wake wa kazi. "Na hiyo blauzi usije nayo. Haya, twende nyumbani."