Mpini wa Pampu ya Serikali

Saa moja kasoro jioni, Juni 1957, shuka la sinema lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye mianzi miwili mbele ya nyumba ya Ramsevak Singh, mkuu wa kijiji, aliyeitwa Babu kwa heshima. Wenye ardhi walikaa mbele ya shuka. Wamusahari, watu wa tabaka la chini kabisa la Wahindu, walikaa nyuma yake, wakiitazama picha kinyume.

Sugiya, Mmusahari mwenzao, hakukaa. Binti yake Budhni alikuwa akiharisha maji matupu tangu asubuhi, na kibandani hakukuwa na hata tone la kunywa. Pampu ya serikali ilikuwa pale pale uani, lakini Mmusahari haigusi, maana mguso wake huhesabiwa kuyanajisi maji. Hungoja mtu wa tabaka safi ampigie, maji yamwangukie mtungini. Kazi hiyo ilikuwa ya Lakhan, mtumishi wa Babu, naye Lakhan alikuwa akitazama sinema.

Sugiya alichuchumaa mbali kidogo, akamwomba. Bila kugeuka, Lakhan alimwambia arudi nyuma ya shuka akajifunze usafi, maana picha yenyewe imeletwa kwa ajili yao. Waliokaa karibu wakacheka.

Filamu ilikuwa ikionya juu ya kipindupindu. Ilikatika katikati. Bwana Afya, aliyekuja nayo kutoka mjini na kutangaza kwamba pampu ni ya wote, akaiunga, akaianza upya tangu mwanzo.

Sugiya akaenda pampuni, akatega mtungi wake, akaushika mpini mwenyewe.

Chuma kililia. Lakhan alifika wa kwanza, akaupiga teke mtungi, ukapasuka. Watu wakaacha sinema, wakaja.

“Nani amekuruhusu?” Babu aliuliza.

“Mtoto amekauka, mkubwa.”

“Na sisi kesho tunywe nini?”

Sugiya akamgeukia Bwana Afya. “Wewe umesema pampu ni ya wote.”

Bwana Afya alikuwa mgeni wa Babu. Chakula chake kilikuwa jikoni kikinukia samli. “Ni ya wote, mama,” alisema. “Ila kila mahali pana utaratibu wake.” Akarudi kwenye mashine yake.

Babu akaagiza mpini ufunguliwe, upitishwe motoni, ukae ndani mpaka kuhani aje autakase. Lakhan akaleta spana.

Kigae kimoja cha mtungi kilikuwa kimebakiza mafunda mawili ya maji. Sugiya akakinyanyua kwa mikono miwili, akaanza kuondoka.

“Hayo pia ya pampu,” Lakhan alisema, mpini mkononi. “Mwaga.”

Akamwaga.