Programu Aliyoipeleka Mwenyekiti Bukene

Mzee Ngassa hakunywa pombe ya mtu yeyote kabla mpikaji hajaionja mbele yake. Ndivyo alivyolelewa kwao Nzega. Kwa hiyo Koleta hakuelewa kwa nini mtu huyohuyo aliona ametukanwa alipoambiwa kwamba flashi yake ingejaribiwa kwanza.

Chama chao, chenye chumba kimoja Isevya, kilirekodi wazee ambao babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Ngassa alikuwa mwenyekiti, Koleta mtunza kumbukumbu. Rekodi za Tabora zilikuwa na nakala mbili. Za tawi la Bukene zilikuwa katika kompyuta moja tu, hukohuko Bukene, na Koleta alipanga kwenda kuzinakili Jumamosi. Wazee tisa waliorekodiwa huko walikwisha kuzikwa.

Ngassa alikuwa amepakua mtandaoni programu ya bure ya kusafisha sauti, akaileta ofisini kwenye flashi. Koleta aliifungulia ndani ya sandboksi, yaani programu inayozifungia nyingine mahali pa peke yake zisiiguse kompyuta yenyewe, akaipa humo nakala za rekodi tatu. Baada ya dakika mbili majina ya rekodi zote tatu yaligeuka herufi zisizosomeka, na tangazo la kudai fidia ili zifunguliwe likajitokeza. Koleta akaifunga sandboksi. Yaliyotendeka humo yakafutika yote. Rekodi zilisikika kama awali.

Alimweleza mwenyekiti tofauti iliyopo kati ya sandboksi na kompyuta yenyewe, kwa subira aliyoijutia baadaye. Ngassa alikuwa akiitazama skrini tu.

"Kumbe ikileta ukorofi unaifunga," alisema. "Mwanangu, unapenda kututisha."

"Nilichokifunga ni sandboksi, Mzee. Kompyuta ya Bukene haina."

"Umesoma mno. Ndiyo shida yako."

Koleta aliomba flashi ibaki. Akajibiwa kwamba mali ya mwenyekiti hailali ofisini kwa watumishi. Jioni hiyo alimpigia simu Marko, mwangalizi wa tawi la Bukene, akamkataza kuipokea. Marko alisema amesikia, ila yeye ni nani hata amzuie aliyempa kazi.

Alhamisi saa nane mchana Ngassa alipiga simu kutoka Bukene. Hakusalimu.

"Nimeifunga," alisema. "Nimeifunga mara tatu. Rekodi zinarudi baada ya muda gani?"

"Hazirudi."

Ngassa akaeleza kwamba si busara kuziambia familia kwa sasa, na kwamba pengine ingefaa isemwe Marko ndiye aliyeharibu, kwa kuwa bado ni kijana na watu wangemsamehe.

Koleta alimwambia atafute kalamu. Akamsomea majina ya wale tisa, moja baada ya jingine, na nyumba ya kila mmoja, polepole, akimrudisha nyuma kila alipodai hakusikia vizuri, mpaka alipohakikisha kwamba mwenyekiti ameyaandika kwa mkono wake.

"Anza na wajane," alisema. "Nitawapigia simu saa kumi na mbili jioni kuwauliza kama umefika."